Nyumba ya Mwisho Isiyo na Bomba

Siku niliyorudisha funguo za gari, msimamizi wetu aliniletea keki yenye jina langu, na jina lilikuwa limekosewa. Niliila hivyo hivyo, maana keki haikuwa na hatia. Akaniambia, "Mwakio, waandikie hawa madereva wapya kitu. Wewe ulikuwa hapa kabla ya barabara." Nilidhani ananitania. Jioni, nikiwa mtaa wa Najma kwa binti yangu ambaye ni muuguzi, nilitazama dirishani nikawaza mitaa niliyoikuta mchanga mtupu na ambayo sasa watu hukwama kwenye foleni za magari. Nikaona kumbe msimamizi hakutania.

Basi nawaandikia nyinyi mnaopokea magari ya maji taka. Anayetafuta habari za vyeo amekosea mlango. Nilianza dereva, nikaishia dereva, na kati ya hapo nilibadilisha magari tu.

Natoka Taita, kwenye milima na ukungu, na nilifika Doha miaka michache baada ya vita vya Kuwait, wakati Ghuba ilikuwa imeshusha pumzi na kila mtu ameanza kujenga. Wakala wa Mombasa alikuwa ameniambia nitaendesha "tangi". Kwetu tangi ni la maji ama la mafuta, hivyo sikuuliza. Asubuhi ya kwanza nilipopelekwa uwanjani kuoneshwa gari langu, pua ilinieleza yote ambayo wakala aliyaacha. Nikamwandikia mama kwamba kazi yangu ni kubeba maji, na huo haukuwa uongo. Alipokuja kuujua ukweli wote alisema, "Kazi mbaya si mchezo mwema," kisha akauliza kama nanawa mikono.

Aliyenifundisha kazi ni Gul Bhai, Mpathani wa Peshawar huko Pakistan, mtu wa ndevu zilizopakwa hina na maneno machache. Kiarabu chake kilikuwa kidogo, changu hakikuwepo, kwa hiyo alinifundisha kwa mikono, na mara nyingine kwa miguu. Nyumba ya kwanza niliyopelekwa kuhudumia ilikuwa na vifuniko viwili vya chuma uani, vinavyofanana kama mapacha. Nikaburuta mpira wa kunyonyea, nikachagua kifuniko kilichokuwa karibu na gari, kama ambavyo mtu yeyote mvivu angechagua. Gul Bhai aliupiga teke ule mpira ukaniponyoka. Akapiga magoti, akafunua kifuniko, akanishika shingo na kuniinamisha uso mpaka ndani. Nilisikia ubaridi tu. Lilikuwa tangi la maji ya kunywa ya ile familia.

"Hii chai," akasema, akiigiza mtu anayekunywa kikombe. Akafunua cha pili. Hapo hakuhitaji kunishika shingo wala kuigiza kitu.

Sheria yake ilikuwa hiyo: pua kwanza, mkono baadaye. Siku hizi kampuni hupaka vifuniko rangi mbili ili dereva asikosee. Jua la hapa mnalijua, na rangi huchubuka. Fuateni sheria ya Gul Bhai.

Abu Hamour ya wakati ule haikuwa hii mnayoijua. Ulikuwa ukitoka mjini kwenda kusini, lami inakuaga, unafuata alama za matairi ya waliokutangulia. Nimeona mtaa ukizaliwa mara nyingi, na mwendo wake ni uleule. Kwanza vigingi kwenye mchanga, vimefungwa vitambaa vyekundu. Halafu ukuta, maana hapa mtu huzungushia ukuta kabla hajawa na kitu cha kuzungushia. Halafu nyumba, halafu familia inahamia rangi ya mlango haijakauka, kwa kuwa mtaa wa zamani mjini umevunjwa ama umekuwa mdogo kwa watoto waliooa. Baadaye msikiti, baadaye duka la Mhindi wa Kerala linalouza kila kitu, kisha taa, kisha lami. Bomba la maji taka lilikuja mwisho wa yote. Nasikia wataalamu hufundishwa kwamba bomba ndilo hutangulia. Huenda ni kweli mahali ambapo watu wana subira. Mji huu ulikua haraka kuliko mabomba yake, na katika pengo hilo la miaka mingi ndipo sisi tulipopatia ugali. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake uani, na kila shimo lilikuwa na dereva wake.

Wageni hupiga picha minara na zile nyumba za Pearl zilizojengwa juu ya maji. Usione vyaelea, vimeundwa, na baada ya kuundwa kuna mtu lazima aje kunyonya.

Shimo husema mambo ya nyumba, ukijua kulisikiliza. Likijaa mapema kuliko kawaida, kuna harusi, ama mtoto amezaliwa na nyanya wa pande zote mbili wamehamia. Likichelewa, mwana amekwenda kusoma nje, ama kuna ugomvi na mtu amerudi kwao. Kwenye msiba ndipo kazi ilikuwa ngumu. Watu huja kutoa pole siku tatu mfululizo, mamia ya watu, kahawa na udhu mchana kutwa, na shimo halijali kwamba mwenye nyumba amefiwa. Gul Bhai alinifundisha kungoja mwisho wa mtaa, upande ambao upepo hautaipeleka harufu kwenye hema la wafiwa. Adhana ikilia na wanaume wakienda msikitini, unaingia, unanyonya, unamwagia maji mahali pote, unatoka kabla hawajatoa salamu ya mwisho. Nimehudumia misiba mingi na wafiwa hawakuniona. Hiyo kwangu ndiyo sifa, ingawa haiandikwi kwenye keki.

Gul Bhai alirudi kwao ndevu zikiwa nyeupe chini ya hina, nikaachiwa njia yake ya Abu Hamour. Ndipo nilipompata Bi Zuwena.

Siku ya kwanza kwake, kiungio cha mpira kiligoma kufunga. Nikakivuta, nikakipiga, mwisho nikakitukana kwa lugha yetu: "Mjinga mkubwa wewe!"

Sauti ya mwanamke ikatoka dirisha la jikoni. "Mjinga nani? Mie ndo nilokuita, na mie ndo mjinga?"

Nilitaka kuingia shimoni. "Pole, mama. Si wewe, ni huu mpira."

"Mpira nao una akili hata uwe mjinga?" Akatokeza kwenye mlango wa jikoni, mama mtu mzima aliyejitanda kanga kichwani, na nyuma yake Nirmala, mtumishi wake kutoka Sri Lanka, akitushangaa wote wawili. "Wewe mtu wa wapi?"

"Kenya, mama. Taita."

"Ndo maana. Kiswahili chenu mnakikata kwa shoka."

Alizaliwa Unguja. Familia yake ilihamia Maskati yeye akiwa msichana, na huko akaja kuolewa na mfanyabiashara wa Doha, akamzalia watoto, akamzika. Mume alimwachia ile nyumba. Watoto walisoma Kiarabu, walicheza Kiarabu, waliota Kiarabu. Mwanawe Salim, aliyekaa naye, alikuwa akielewa "njoo" na "kula", na alijibu yote mawili kwa Kiarabu.

Tangu siku hiyo, kila nilipofika alikuwa ameshaweka kiti chake ndani ya mlango wa jikoni. Mimi nilisimama kando ya shimo na mpira wangu, Nirmala akiosha vyombo kati yetu, na chai yangu ikiwa juu ya ukuta mdogo wa bustani. Tulizungumza kwa kupaza sauti kwa sababu ya pampu, na tulivyozoea, hata nilipoizima tuliendelea kupiga kelele. Nikimwambia "Niko poa, mama," alinijibu, "Kinachopoa ni uji, mwanangu. Mtu husema hajambo." Alinihadithia shule aliyosoma, shoga zake, mama aliyekuwa akiuza kachori barazani kwao, na namna ya kukuna nazi bila kujikuna vidole. Nami nilimhadithia Taita na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa bado anasoma uuguzi. Nilipenda zamu ile kuliko zote. Mwenzangu wa chumbani, Wafula, mlinzi wa jengo huko Pearl, alikuwa akinicheka: "Buda, sisi tunafungulia madosi milango, wewe unabonga na ma-cucu kwa shimo?" Nilimwambia ndiyo, naongea na bibi, na kwamba hao matajiri wake hawamwekei chai.

Hatimaye bomba likafika. Mtaa ulichimbwa kutoka huku mpaka kule, vumbi likaingia mpaka kwenye sahani za watu, halafu wakandarasi wakaleta kiungio mpaka kwenye ukuta wa kila nyumba. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mwenye nyumba: akubali uani pachimbwe, bomba liunganishwe, shimo la zamani lifukiwe. Majirani walikubali mmoja baada ya mwingine. Katika miaka yangu ya mwisho kazini niliwaaga wateja kila wiki, wakifurahi kama watu waliopona ugonjwa. Nikabaki na nyumba moja tu katika mtaa ule. Bi Zuwena alikataa.

Mtaani walisema ni ubahili, wengine wakasema ni uzee. Mimi nilidhani anaogopa miti yake kukatwa mizizi, maana alikuwa na mkunazi aliokuwa akiupenda. Haikuwa kazi yangu.

Ilikuja kuwa kazi yangu kwa sababu ya mchanga. Shimo lake lilianza kujaa haraka sana. Nyumba ina watu watatu, lakini nilikuwa nikiitwa kama vile kuna harusi. Siku moja nilisikia pampu ikivuta kwa wepesi, sauti nyororo isiyo ya maji taka. Nikatazama kwenye kioo kidogo cha bomba la gari: maji karibu meupe, na ndani yake mchanga unazunguka. Kila dereva wa Doha anapaswa kuijua sauti hiyo. Maji ya chini ya ardhi hapa yako karibu, na kuta za shimo zikipasuka, hayo maji huingia na kuleta mchanga ulioshikilia msingi. Unakuwa hunyonyi choo tena. Unanyonya ardhi iliyobeba nyumba. Nilikwenda kuangalia ukuta wa jikoni, nikaona ufa unaoweza kupokea kidole, hatua chache tu kutoka kwenye kiti chake.

Nikazima pampu. "Bi Zuwena, hili shimo limevunjika."

"Basi njoo mara nyingi zaidi."

"Nikija mara nyingi ndiyo vibaya. Kila nikivuta, navuta na mchanga. Siku moja shimo hili litalichukua hilo jiko, na wewe ukiwa ndani."

"Na bomba litakuchukua wewe," akasema.

Kwanza sikumwelewa. Alikuwa akiangalia mikono yake. Nirmala alifunga bomba la maji.

"Dada yangu alikuwa Maskati," akasema Bi Zuwena. "Tukipigiana simu kila asubuhi, tunasengenya waliokufa zamani. Amefariki mwaka wa tatu huu. Watoto wangu ni wema, Mungu awahifadhi, hawaninyimi kitu. Lakini mie nikiota, naota Kiswahili. Nikiamka hakuna wa kumhadithia. Nangoja shimo lijae."

Nimefanya kazi miaka mingi na nimeambiwa mambo mengi, mengi yakiwa matusi. Hilo halikuwa tusi. Nilishika mpira wangu, nikajifanya nasafisha kiungio ambacho tayari kilikuwa safi, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na ovaroli haina leso.

Nikamwambia, "Nitakuja tu, mama. Bomba likiingia nitakuja Ijumaa, siku yangu ya mapumziko."

Akacheka bila furaha. "Watu wa gari huja na gari. Gari likiondoka, nao huondoka. Gul alikuwa mtu mwema, akinichumia kunazi za juu zile nisizozifikia. Yuko wapi?"

Nikaanza kukunja mpira.

Nilipotoka na gari, Salim alikuwa amesimama langoni, kanzu nyeupe, funguo mkononi. Alinisimamisha, akazungumza kwa Kiarabu cha polepole ili nisipate kisingizio. "Rafiki, ni wewe unayemwambia akatae? Nyumba hii ndiyo iliyobaki kwenye njia yako. Bila mama yangu, huna kazi huku."

Nilikasirika. Kusema kweli nilikasirika sana, kwa sababu kwa mtu asiyejua, lilionekana jambo la akili. Nikashuka, nikamchukua mpaka kwenye ule ufa, nikaweka kidole changu ndani mbele ya macho yake. "Mwambie aunganishe. Hata kesho. Nimeshamwambia na hataki."

Naye aliupima kwa kidole chake. "Kwa nini hataki?"

Hapo nilikuwa kwenye njia panda. Siri haikuwa yangu, na haukuwa mzigo wa dereva kumweleza mtu upweke wa mama yake. Lakini hatari ya jiko lile nayo sikuweza kuibeba peke yangu. Nikamuuliza, "Ulipokuwa mdogo, alikuimbia kwa lugha gani?"

Aligeuza uso kuelekea dirisha la jikoni, ambako mama yake alikuwa akimwelekeza Nirmala kwa Kiarabu jinsi ya kupanga sahani. Baadaye akasema tu, "Kama una nia ya kuja Ijumaa, njoo wakati wa chakula. Mimi nitakuwepo." Nikajua alisikia zaidi ya nilivyodhani anaelewa.

Sijui walizungumza nini, wala kwa lugha gani. Wiki iliyofuata msimamizi aliniambia nyumba imekubali na inahitaji kunyonywa mara ya mwisho kabla ya kufukiwa. Kwa wale ambao hamjawahi kufunga shimo: nyonyeni taratibu sana, likiwa na ufa msilikaushe kwa mara moja, suuzeni kuta, mwageni chokaa, msiondoke mpaka mmeona lori la mchanga limefika. Nilifanya hivyo. Kiti hakikuwepo mlangoni. Nirmala alisema bibi amelala, ingawa ilikuwa asubuhi. Chai ilikuwa ukutani. Niliinywa nimesimama, nikakunja mpira wangu, na nilipokuwa narudi nyuma kutoka langoni niliwaona vibarua wakianza kumwaga mchanga mahali nilipokuwa nikisimama miaka yote ile.

Ijumaa nilioga mara mbili. Wafula alikuwa akiniangalia nikipiga shati pasi. "Buda, unaenda kuoa?" Nikamwambia naenda kwa mama. Nilinunua mihogo kwenye duka la Najma linalouza vyakula vya kwetu, nikapanda basi la kwenda Abu Hamour. Nilikuwa nimeendesha njia ile maisha yangu yote ya Doha, lakini nikiwa abiria nilikosa kituo, nikashuka mbele na kurudi kwa miguu juani.

Mbele ya nyumba ndipo nilipokwama. Lango la nyuma nililifahamu kuliko mlango wa kwetu Taita. Huku mbele sikuwahi kufika. Kulikuwa na ngazi za marumaru, mitungi ya maua, mlango mkubwa wa mbao, na kengele. Nilisimama nikiwaza kurudi. Nani hujialika nyumba ya watu na mfuko wa mihogo? Labda Salim alisema vile kwa hasira tu. Labda siku ile Bi Zuwena alikuwa amelala kweli, wala hakuniwazia. Nikabonyeza kengele kabla miguu haijaamua.

Nirmala alifungua. Alinitazama toka kichwani mpaka viatuni na hakunijua, kwa kuwa hakuwahi kuniona bila ovaroli na kitambaa kichwani. "Nani?" akauliza.

"Mwakio."

Jina halikumwambia kitu. Aligeuka, akapaza sauti ndani kwamba kuna mwanamume, Mwafrika, mlangoni.

"Amekuja na mpira?" Bi Zuwena aliuliza kwa Kiarabu kutoka ndani.

Nirmala akaangalia mikono yangu. "Hapana, bibi. Ana mihogo."

Nilimsikia Salim akisema kitu kwa sauti ya chini, kiti kikasogezwa sakafuni, na ile sauti niliyoizoea juu ya kelele za pampu ikaja, safari hii kwa Kiswahili.

"Kengele ni ya watu wa huku. We si mtu wa huku. Piga hodi nikusikie."

Miaka yote ile nilipiga honi tu. Mtu wa tangi hapigi hodi popote. Nilikohoa, nikaweka mihogo chini.

"Hodi!" nikaita. "Hodi hapa!"

Nadhani kwanza alilisikiliza neno lenyewe.

"Karibu," akasema. "Karibu, mwanangu. Pita ndani."

Nikavua viatu, nikapita.